Mgonjwa Asiyelala: Miezi Sita na Vihisi vya Joto Katika Wadi ya Lamu

Daktari wa upasuaji alifungua faili la mgonjwa wa kitanda cha 9, akaitazama chati ya joto kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, kisha akaniuliza kwa upole ambao ulinitia hofu kuliko karipio: "Sista, huyu mgonjwa halali?" Nilimjibu kwamba alilala vizuri, tena alikoroma hadi jirani yake akalalamika. Akanigeuzia chati. Saa 12 jioni, 36.8. Saa 4 usiku, 36.8. Saa 8 usiku, 36.8. Saa 12 asubuhi, 36.8. "Basi kama alilala," akasema, "mwili wake haukupata habari."

Nilielewa papo hapo, na nilijua kwamba naye ameelewa. Joto la mtu mzima halikai mahali pamoja. Hushuka usiku, likafika chini kabisa karibu na saa 10 au 11 alfajiri, kisha hupanda polepole hadi kilele chake alasiri na jioni, na tofauti ya ncha hizo mbili ni kama nusu digrii hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Mgonjwa aliyepasuliwa ngiri siku mbili kabla hawezi kuwa na 36.8 mara nne mfululizo toka magharibi hadi asubuhi, isipokuwa awe amechongwa kwa gogo la mkoko. Kati ya vipimo vile vinne, nilichokipima kwa kweli kilikuwa cha kwanza tu. Vile vitatu nilivijaza nikiwa nimeegemea meza, adhana ya alfajiri ikiwa inakaribia, kwa sababu nafasi zilikuwa tupu na nafasi tupu humfanya nesi aonekane hakufanya kazi.

Sisemi haya ili kujitetea, ila msomaji aone jinsi mambo yalivyokuwa. Wadi yetu ilikuwa na vitanda 22, usiku nesi mmoja, na thamomita mbili ambazo moja yake ilikuwa na betri ya kubembeleza. Kumwamsha mgonjwa, kumweka thamomita kwapani, kungoja, kusoma, kuandika na kuifuta kwa spiriti ni dakika tatu au nne ukiwa hodari. Zidisha kwa 22, na uifanye kazi hiyo kila saa nne, huku dripu zikiisha, mama aliyejifungua kwa upasuaji akiomba dawa ya maumivu na mzee akitaka kushuka kitandani peke yake. Kila nesi niliyefanya naye kazi ana usiku wake wa 36.8. Nilichokosa si muda pekee. Sikuwa naamini kwamba zile nambari zina kazi.

Miezi michache baadaye timu ya madaktari waliokuja kwa kambi ya upasuaji ilituachia vihisi 8 vya kubandika mwilini pamoja na kishikwambi kimoja, wakitaka kujua kama vitu hivyo vingefaa mahali kama petu, ambapo mgonjwa akizidiwa safari yake huanza kwa boti ya kuvuka hadi Mokowe kabla hata hajaiona barabara. Nikapewa mimi jukumu la kuvisimamia. Nadhani daktari aliyenitaja alikuwa na sababu zake.

Kila kihisi kilikuwa na ukubwa wa sarafu ya shilingi 20, chepesi, chenye betri ya duara kama ya saa ya mkononi. Ndani yake mna thamista, yaani kipande kidogo ambacho ukinzani wake kwa umeme hupungua kadiri kinavyopata joto. Kifaa hupima ukinzani huo, hukigeuza kipimo kuwa digrii na kukituma kwa Bluetooth kila dakika. Hubandikwa kwapani, karibu na ubavu, ili mkono unapoteremka ufunike kama kifuniko cha chungu na ngozi ya hapo ikaribie joto la ndani. Kikishabandikwa kinahitaji robo saa au zaidi kabla ya kuaminika, maana ngozi iliyokuwa wazi ina ubaridi wake.

Jambo lililonifurahisha niliposoma habari za kazi hii ni kwamba kwapa si pahali papya. Carl Wunderlich, daktari Mjerumani wa Leipzig, alichapisha mwaka 1868 kitabu kilichotokana na vipimo vya wagonjwa wapatao 25,000, vingi vyao vikiwa vya kwapani, na ndiye aliyeipa dunia ile 37 tunayoitaja kama jina la mtaa, ingawa vipimo vya siku hizi vinaonyesha wastani ulio chini yake kidogo. Thamomita za zama zake zilikuwa ndefu na zilitaka kuachwa mwilini kwa dakika 20 hivi. Yule bwana na wasaidizi wake walipima kwa mkono, wakaandika kwa mkono, na wakashikilia kwamba ugonjwa husomwa katika mwendo wa joto na si katika nambari moja. Mimi nilikuwa na thamomita ya dakika moja, na nikajaza ya kubuni.

Usiku wa kwanza wa vihisi haukunifundisha chochote kuhusu homa. Ulinifundisha kuhusu kuta. Sehemu yetu ya wadi ilikuwa katika jengo la zamani la mawe ya matumbawe na chokaa, lenye kuta nene za kumhifadhi mtu na jua la kaskazi, na Bluetooth, ambayo mahali pa wazi hufika kama mita 10, haikuweza kupenya ukuta kama ule. Wagonjwa wanne waliokuwa upande wa pili walipotea kwenye kishikwambi. Walikuwa wamelala salama, lakini mstari wa kila mmoja wao ulikatika, ukaacha pengo jeupe, kisha ukaanza tena nilipopita nacho mkononi. Nilikaa nikitazama yale mapengo. Kifaa kile, ambacho hakina haya wala hakiogopi mkuu wa wadi, kilikuwa kikisema waziwazi: hapa sikupima. Hakikuingiza 36.8.

Tulilitatua tatizo lenyewe kwa kukiweka kishikwambi mlangoni, juu ya kiti, pembeni mwa ndoo ya maji. Si ufundi wa kujivunia, lakini ulifanya kazi.

Yaliyofuata yalikuwa kujifunza namna kihisi kinavyodanganya, na hapa ndipo nilipotumia wiki nyingi. Watu wa Lamu husema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani, na wanaosema hivyo ndio hao hao waliotumia fedha nyingi kuchonga milango. Ngozi ni mlango. Kihisi husoma mlango, nasi tunataka habari za ndani. Mgonjwa akilala chali na mkono ameutupa juu ya mto, kwapa likawa wazi kwa upepo wa feni, mstari hushuka digrii nzima na zaidi bila yeye kuwa na tatizo lolote. Mwezi wa Februari, jasho lilipokuwa likitiririka usiku kucha, gundi ililegea na kihisi kikaning'inia ndani ya shati, kikisoma hewa ya chumba; kengele ikalia kwamba mgonjwa ana 32. Nilikimbia mara tatu kabla sijaelewa kwamba mwili wa mtu hauwezi kupoteza digrii nne kwa dakika tano akiwa amekaa anakula muhogo wa nazi. Tangu hapo nilisoma kwanza umbo la mteremko: ukiwa kama ngazi ya ghorofa, tafuta gundi, ukiwa kama ufuo unaoingia majini, mtafute mgonjwa.

Mwaka huo huo kulikuwa na mama mmoja kijana, siku ya pili baada ya kujifungua kwa upasuaji, ambaye mstari wake ulipanda na kushuka kila saa mbili au tatu kwa utaratibu wa ajabu. Tulipima malaria, ikakosekana. Tulimpima kwa thamomita upande wa pili, tukapata 37 kamili. Aliyetatua fumbo hilo ni mamake mzazi, ambaye alisimama nyuma yangu akatazama kile kishikwambi kisha akacheka: "Ni mtoto huyo, mwanangu. Akinyonya upande wa kushoto, anakilalia." Kichanga kilikuwa kikimpasha mamake joto, na sisi tulikuwa karibu kumwandikia mama dawa. Tukahamisha kibandiko, na siku hizo zote za kunyonyesha tukawa tunauliza kwanza mtoto hulala upande gani.

Nilikuwa nimejiandaa kutafuta homa. Kilichonishtua zaidi kilikuwa baridi. Tulianza kubandika vihisi kabla mgonjwa hajaingia thieta, ili tupate mstari wake wa mwanzo, na mgonjwa wa kwanza wa namna hiyo, mvuvi mwenye kifua kipana aliyepasuliwa tumbo kwa muda wa saa tatu, alirudi wadini akiwa na 34.9. Nilidhani ni gundi. Nikamshika miguu, ikawa baridi kama samaki wa barafuni. Nilichunguza vizuri, nikapima kwa thamomita, na nambari haikutofautiana sana. Nje jua lilikuwa linachoma hata punda wamejificha vichochoroni, na mtu wangu anatetemeka hadi kitanda kinalia.

Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kupata baridi Lamu. Daktari wa nusukaputi alinieleza kwa maneno ambayo nimeyatumia kuwaeleza wengine tangu siku ile. Katika hali ya kawaida mwili hulilinda joto lake ndani, kifuani na tumboni, kwa kuibana mishipa ya mikono na miguu, kama mwenye nyumba anayeweka vitu vya thamani ndani na kufunga mlango wa daka. Nusukaputi huifungua mishipa hiyo. Joto la ndani humwagika hadi kwenye viungo, na katika saa ya kwanza pekee kiini cha mwili kinaweza kushuka digrii moja hadi moja na nusu. Ongeza kiyoyozi cha thieta, tumbo lililo wazi, na dripu iliyokaa katika chumba hicho hicho chenye baridi: lita moja tu ya maji ya namna hiyo hupunguza joto la mwili wa mtu mzima kwa karibu robo ya digrii. Chini ya 36 mgonjwa huhesabiwa kuwa amepoa kupita kiasi, na hapo damu huganda kwa shida, dawa hukawia kumtoka, na kidonda hukosa damu na hewa ya kupambana na vijidudu.

Kuna utafiti wa mwaka 1996 ambao alinionyesha, wa Andrea Kurz, Daniel Sessler na Rainer Lenhardt, uliofanywa kwa wagonjwa 200 wa upasuaji wa utumbo mpana. Waliopashwa joto walimaliza upasuaji wakiwa na wastani wa 36.6, walioachwa bila kupashwa joto zaidi walikuwa na 34.7. Kwa hawa wa pili, vidonda 19 katika kila 100 vilipata maambukizi. Kwa wale wa kwanza, 6. Digrii mbili tu. Nilikumbuka wagonjwa wote ambao niliwapokea kutoka thieta, nikawasikia wanatetemeka, nikawaambia kwamba ni dawa tu, itaisha.

Kwa sababu ya mstari wa yule mvuvi na wengine watano waliomfuata, mambo yalibadilika thieta pasipo mkutano wala waraka. Kiyoyozi kikapandishwa hadi mgonjwa afunikwe vitambaa vya upasuaji. Mablanketi yakaanza kutumika kabla ya mgonjwa kuingia, si baada ya kutoka, kwani mwili uliopashwa joto mapema una kidogo cha kumwaga. Akina mama wakaruhusiwa kuingia na leso zao safi za kujifunika mabega. Daktari wa upasuaji alilalamika jasho kwa wiki mbili, na alikuwa na haki ya kulalamika, lakini hakukirudisha kiyoyozi chini.

Kuhusu homa yenyewe, kosa letu la mwanzo lilikuwa kuiona kila mahali. Thamomita ya kila saa nne hukosa mengi. Kihisi cha kila dakika hakikosi, na katika wiki za kwanza karibu nusu ya waliopasuliwa walionekana wamegusa 38 katika usiku wa kwanza au wa pili. Kliniko ofisa kijana aliyekuwa zamu alianza kuwaandikia antibiotiki, mmoja baada ya mwingine, hadi daktari alipomzuia. Nyama iliyokatwa hutoa kemikali zake zenyewe zinazopandisha joto, na homa ya saa 48 za mwanzo mara nyingi ni ya kidonda kujitengeneza wala si ya vijidudu. Anayepanda siku ya kwanza, akashuka bila dawa siku ya pili na ya tatu, huyo mwache na umtazame kwa jicho. Anayeshuka kisha akapanda tena siku ya nne, ya tano au ya saba, huyo mfunue kidonda, msikilize kifua, muulize mkojo, mtazame mashavu ya miguu. Kati yetu tuliuita mstari wa nundu mbili. Na kwa kuwa tuko pwani, kila nundu ilitaka kipimo cha malaria pia, maana mbu hajali kama mtu ana mshono.

Watu walikuwa na maswali yao. Wengi waliuliza kama kibandiko kinasikiliza mazungumzo, na swali hilo sikulicheka, kwa sababu kitu kinachotuma habari za mwili wako hewani ni haki yako kukitilia shaka. Tuliwaeleza kinachopimwa, tukaomba ridhaa ya kila mmoja, na tukaondoa majina kwenye kishikwambi tukabakiza nambari za vitanda, kwani wageni wa wadini wana macho na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Swali lililokuwa gumu zaidi lilikuwa la udhu. Wanaume watatu walikuwa wamevibandua vihisi kabla ya swala ya adhuhuri, na nilikuwa sijui la kuwaambia, hadi mgonjwa wa kitanda cha 4, mwalimu mzee wa madrasa ambaye wadi nzima ilimwita Maalim, alipoinua kidole akasema bila hata kukaa vizuri: "Kwapa si katika viungo vya udhu. Ikifika haja ya kuoga josho, sista atakiondoa." Baada ya hapo hakuna aliyekibandua kihisi kwa ajili ya swala.

Huyo Maalim ndiye ninayetaka kumweleza kwa urefu.

Alikuwa na miaka sabini na kitu, mwembamba, aliyeletwa na ngiri iliyojinyonga. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, kikakatwa, na ncha mbili zikaungwa. Siku nne za mwanzo zilikwenda vizuri. Mstari wake ulikuwa wa chini kuliko wa wengine, karibu na 35.8 alfajiri na 36.3 jioni, jambo la kawaida kwa wazee, nami niliandika hivyo katika daftari langu. Kengele ya kifaa tulikuwa tumeiweka kwenye 38, sawa na kwa watu wote. Siku ya tano mstari wake ukawa 37.1, 37.2, 37.1. Kwenye kishikwambi nambari hiyo huonekana kwa rangi ya kijani.

Asubuhi hiyo mkewe aliniita. Alikuwa bibi mtulivu, asiyependa kusumbua watu, na aliniambia huku akiikunja leso yake mikononi: "Mwanangu, Maalim hayuko sawa. Tangu jana hajauliza kahawa." Kwa mtu asiyetoka kwetu maneno hayo yangeweza kupita. Mzee wa Lamu ambaye hakuikosa kahawa chungu ya alasiri barazani kwa miaka hamsini, na ambaye tangu siku ya pili ya upasuaji amekuwa akitubishia kwamba kikombe kidogo hakina madhara, akinyamaza kuhusu kahawa ana neno. Nilimwendea Maalim, nikamsalimu, akaitika. Nikatazama kishikwambi. Kijani. Nikamwambia bibi kwamba joto lake ni zuri, asiwe na wasiwasi, na nikaenda kwa mgonjwa mwingine.

Nimeyarudia maneno hayo mara nyingi moyoni. Saa sita baadaye daktari alipita, hakuangalia kifaa kabisa, akamshika mkono Maalim, akahesabu pumzi. Mapigo ya moyo 118. Pumzi 28 kwa dakika. Tumbo gumu. Ule muungano wa utumbo ulikuwa umevuja. Kwa mtu ambaye kawaida yake ni 36, 37.2 ilikuwa ni kupanda kwa zaidi ya digrii moja, na kulikuwa kumezimwa nusu na parasetamoli ambayo nilimpa mimi mwenyewe kila saa nane kwa ajili ya maumivu. Zaidi ya hayo, mstari wake ulikuwa umenyooka: alfajiri ile haukuteremka. Mimi, niliyeaibishwa na chati iliyonyooka, niliukuta mstari wa kweli ulionyooka nikaupita kwa sababu ulikuwa wa kijani.

Wazee, na watu wasio na nguvu, huweza kuoza ndani bila homa ya kuonekana. Wengine hupoa badala ya kupata moto, na 35.5 yao ni mbaya kuliko 39 ya kijana. Nilikuwa nimelisoma hilo chuoni na kulijibu katika mtihani. Maalim alirudishwa thieta jioni ile, akakaa nasi wiki tatu zaidi, akapona akiwa amebaki mifupa. Siku alipoanza tena kuuliza kahawa, mkewe alinitazama bila kusema kitu, na ningependelea angesema.

Tangu hapo tuliiondoa kengele moja ya wote. Kila mgonjwa aliwekewa mpaka wake, digrii moja juu ya kawaida yake ya siku mbili kabla ya upasuaji ilipowezekana, na katika karatasi iliyo chini ya kishikwambi niliongeza safu tatu za kujazwa kwa mkono: mapigo, pumzi, na "jamaa wanasemaje". Hiyo safu ya mwisho ilichekwa na wakubwa. Ilijazwa kuliko zote.

Tulijaribu pia kuwapeleka wachache nyumbani na vihisi, wenye simu nzuri na jamaa wa kuaminika. Mmoja alikuwa mama wa Matondoni aliyejifungua kwa upasuaji. Dada yake alinitumia picha ya mstari kila baada ya isha. Jioni ya siku ya nne ilikuwa 37.4, ya tano 37.9, ya sita 38.3, kila jioni ikiwa juu ya iliyotangulia, na asubuhi zikishuka kiasi cha kumfanya aamini amepona. Angekuwa mtu wa kupimwa asubuhi tu, angeonekana mzima. Nilimwambia aje bila kungoja miadi, wakaja kwa mashua ya mjomba wao, kipimo cha malaria kikawa safi, na mshono ulipofunguliwa ukatoa usaha kidogo, wa kusafishwa na kufungwa, bila thieta wala safari ya Mombasa. Dada yake alikuwa amebandika plasta ya duka juu ya kihisi kwa kuwa gundi ya asili iliisha siku ya tatu.

Gundi ndiyo iliyotumaliza. Vihisi vyenyewe vilidumu, betri zilipatikana kwa wauza saa, lakini vile vibandiko vya kubadilisha havikuuzwa Lamu wala Malindi, na vilivyoagizwa vilichukua wiki kadhaa, vikafika pungufu. Kufikia mwezi wa sita vihisi vitatu ndivyo vilivyokuwa vikifanya kazi, na tukavitenga kwa wanaotoka thieta, kwa saa 24 za mwanzo. Waliobaki wote walirudi kwenye thamomita, ambazo sasa zilikuwa nne.

Nami nimerudi kwenye chati ya karatasi, na nesi mmoja bado ndiye anayekesha. Ninaandika saa niliyopima kweli, hata kama ni saa 8 na dakika 40 badala ya saa 8, na ninaandika upande wa kwapa, na kama amepewa parasetamoli naweka nukta juu ya nambari. Juzi usiku tulimpokea mama aliyekuwa akivuja damu, nikawa naye mpaka boti ilipoondoka gatini. Niliporudi wadini kulikuwa kunapambazuka. Kwenye chati ya kitanda cha 9, chini ya saa 4 usiku pana 37.1. Chini ya saa 8 hapana nambari; nimeandika kwa wino mwekundu, "haikupimwa", na chini yake jina langu.